Sumaku Isiyokuwa Ubaoni

Karakana yangu iko Free Area, Nakuru, nyuma ya duka la mbegu na mbolea, na ukiingia kitu cha kwanza utakachoona ni ubao. Nimeupaka rangi nyeupe, kisha nikachora kila chombo kwa rangi nyeusi mahali pake: spana, koleo, bisibisi, nyundo kubwa na nyundo ndogo. Chombo kikiwa kazini, kivuli chake kinabaki ukutani kikikutazama. Wateja wanaoniletea pampu za maji na mashine za kusaga huucheka sana ubao huo. Mmoja aliniuliza kama hapa natengeneza pampu au nafundisha watoto wa nasari. Nilimjibu kwamba pampu yake itakuwa tayari Alhamisi, na akiikuta na spana ndani yake arudi anicheke vizuri.

Wakishazoea, huuliza juu ya kivuli kimoja kilicho pembeni, chini kabisa, chenye umbo la kwato ya farasi. Hicho hakina chombo, na hakijawahi kuwa nacho tangu nifungue mlango. Mathe, hapa umeibiwa, wananiambia, kana kwamba mimi ni mama yao. Sijaibiwa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na sipendi kuulizwa swali moja mara kumi, kwa hiyo nimeona afadhali niandike.

Nilizaliwa mtaa wa Bondeni, hapahapa Nakuru, katika zile nyumba za kaunsili zenye veranda ndefu. Babu alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, akaishia hapo, nasi tukaishia hapo pamoja naye. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa verandani mchana kutwa, na jioni ikavutwa ndani kabla ya meza kuandaliwa, kwa sababu nafasi ilikuwa ya kimoja tu.

Nyumba yetu ilikuwa na sheria moja ambayo sikuiona kwa jirani yeyote. Kabla ya chakula cha jioni, pini zote zilirudi kwenye kijimto cha kuzichomeka. Ikipungua moja, hakuna anayekula. Hapo ndipo mama aliponipa sumaku aliyoachiwa na babu, ya umbo la kwato, nyekundu, rangi imebanduka nusu, na mimi nikatambaa sakafuni nikiiburuta chini ya cherehani, chini ya kitanda, hadi pini ijishike. Nilichukia kazi hiyo. Nilinung'unika hadi siku aliponieleza sababu yake.

Kabla sijazaliwa, aliwahi kurudisha sare ya mtoto wa nasari ikiwa na sindano ndani ya pindo. Mtoto alichomwa paja. Mama yake mtoto alikuja, akaiweka ile sindano juu ya cherehani, akaondoka bila kusema neno. Mama alisema laiti yule mwanamke angemtukana, angekuwa amesahau.

Nilipomaliza chuo cha ufundi, vita vya ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimeanza, na gazetini kukatoka tangazo kwamba jeshi la anga linatafuta mafundi wenye vyeti, wanaume na wanawake. Nilikuwa na cheti cha injini na hamu ya kutoka Bondeni. Mama hakupenda. Nilimweleza kwamba sitapiga mtu risasi, nitakuwa mmoja wa watu wa chini, wale wanaoitengeneza ndege na kubaki wakiiangalia ikienda. Siku ya tatu akanipigia pasi shati.

Hofu yangu haikuwa mbio wala hesabu. Ilikuwa meno. Sisi tuliokulia maji ya visima vya Nakuru tunajuana tukicheka: meno yetu ni ya kahawia kama chai iliyokolea. Na mtaani ilisemekana jeshi halichukui mtu mwenye kasoro mdomoni. Wiki nzima nilisugua kwa majivu, kwa chumvi, kwa mkaa, hadi fizi zikatoka damu na meno yakabaki vilevile. Siku yenyewe tulipangwa uwanjani alfajiri, kaptula na fulana, nambari zimeandikwa mikononi kwa kalamu nene. Tulipimwa urefu, tukapimwa uzito, tukakanyaga udongo uliolowa ili waone kama nyayo zetu ni bapa. Wengine walitolewa kwa sababu ya kovu, wengine kwa kidole kilichopinda, na binti aliyekuwa mbele yangu akarudishwa kwa jino moja lililong'oka.

Nilipofika kwa daktari nilifungua mdomo robo. Aliniambia nifungue kama mtu anayetaka kula. Nikafungua, nikafumba macho kwa aibu. Akahesabu kwa kijiti chake, juu na chini.

"Zote ziko," alisema.

Kwa ujinga wangu nikamwambia, samahani daktari, ni maji ya kwetu.

"Mimi nimetumwa kuhesabu, sikutumwa kuangalia rangi. Songa mbele."

Nikasonga. Hadi leo nikimwona mtoto wa Nakuru akicheka kwa kuziba mdomo kwa kiganja, natamani daktari yule angepita karibu.

Siku ya kuondoka, mama alinifungia sumaku katika kipande cha kitenge. Alisema ndege lazima ina vitu vidogo vya kuanguka, na mimi nilishafuzu kutambaa. Nikamuuliza yeye ataokota pini na nini. Akasema, "Mimi niko na ingine." Alikuwa ameinama akikaza mkanda wa begi langu, na sikuuliza zaidi.

Mafunzo yalikuwa kama yalivyo mafunzo popote. Tulikimbizwa, tulifokewa, tukalala tukiwa tumevaa soksi ili asubuhi tuokoe dakika moja. Nilidhani nitatoroka wiki ya pili. Lakini tulipofikishwa kwenye mabanda ya ndege nikauona ubao, mweupe, mrefu kuliko mlango, kila chombo na kivuli chake, na moyo ukatulia. Nikajua niko kwetu.

Sajini aliyetufundisha alikuwa mtu wa Kuresoi, wa viazi na ng'ombe, mrefu, mpole wa sauti. Hakuwahi kupaza sauti, na ndiyo maana tulimwogopa. Sheria ilikuwa kwamba ndege haipai mpaka vyombo vyote vimerudi ubaoni na fundi ametia sahihi. Ikipotea bisibisi ndogo kama kidole, ndege inafunguliwa hadi ipatikane, hata rubani awe amekwisha kukaa kitini. Sisi wapya tulikuwa tukihesabu: moja, mbili, tatu. Sajini alituzuia.

"Mzee wangu hakuhesabu ng'ombe hata siku moja," alituambia. "Kwetu ukihesabu unaziitia mkosi. Jioni anasimama kwa lango, anaangalia tu. Anakwambia ile nyeusi ya pembe moja haiko. Nyinyi pia msihesabu. Tafuteni pengo."

Basi kila baada ya kazi alisimama nasi mbele ya ubao na kuuliza neno hilo moja: pengo? Nasi tukajibu tulichokiona. Mimi aliniita Bondeni, na nilijivunia jina hilo kuliko cheo.

Kosa langu lilikuwa mfukoni muda wote huo. Chombo cha mtu binafsi hakikuruhusiwa karibu na ndege, na sababu si ngumu: kisichokuwa na kivuli hakina wa kukikosa. Nilijua. Lakini sumaku ilikuwa inanifaa. Skrubu ikidondoka mahali ambapo mkono hauingii, wenzangu walihangaika nusu saa. Mimi niliangalia huku na huku, nikaishusha kwa kamba, nikaipata. Nikasifiwa kwa kuwa na vidole vyepesi. Sifa ni tamu, na nilizila kimya.

Baada ya muda tulipelekwa kwenye kambi iliyokuwa karibu na mpaka. Mtu aliyezoea baridi ya Nakuru hawezi kuelezwa joto lile akaelewa. Kufikia saa nne asubuhi chuma kilikuwa hakishikiki bila glavu, na mafuta ya kulainishia yalimwagika kama maji. Mchanga uliingia kila mahali: kwenye injini, kwenye chai, kwenye kope za macho. Kila ndege iliporudi tuliosha injini yake kabla hatujanawa sisi wenyewe, na maji yalipopungua injini ndiyo iliyooga. Wanawake tulikuwa wanne katika hema moja, na kila asubuhi tulikung'uta buti kwa ajili ya nge. Simu nyumbani ilikuwa mara moja kwa wiki, dakika chache, na mama alizimaliza zote kunieleza nani kaolewa Bondeni.

Hata hivyo nilipenda. Nasema hivyo waziwazi, kwa sababu watu hupenda kusikia mateso tu. Tulikuwa na desturi yetu sisi watu wa chini: hakuna aliyekula chakula cha mchana kabla ya ndege zote kurudi. Hakuna aliyetuamuru. Githeri yetu ya mahindi na maharagwe ilipoa kwenye sufuria, nasi tukakaa kivulini tukisikiliza upande wa mashariki. Mtu wa kwanza kusikia mlio alisimama na kuchukua sahani. Nilipoiona desturi hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka mama na pini zake, nikajificha nyuma ya tangi la maji nikacheka peke yangu.

Siku ninayotaka kuisema, nilikuwa nimefungua sakafu ya helikopta chini ya miguu ya rubani, nikitoa mchanga. Skrubu moja ikaniponyoka, ikaingia kwenye mwanya. Nikaangalia huku na huku, nikatoa sumaku, nikaipata. Wakati huohuo sajini akaja kwa hatua ndefu. Gari la wenzetu lilikuwa limekanyaga bomu la kutegwa, majeruhi walikuwa wanne, na helikopta yangu ndiyo iliyokuwa karibu kuwa tayari. Nikafunga sakafu haraka kuliko nilivyowahi kuifunga. Nikakimbia na vyombo hadi ubaoni.

"Pengo?" sajini aliuliza.

Nikautazama ubao wote, juu hadi chini. Ulikuwa umejaa. "Hakuna pengo, afande."

Nikatia sahihi. Sikusema uongo, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Rubani alikuwa mtu wa maneno machache, tuliyemheshimu kwa sababu alikuwa akiipapasa ndege shavuni kabla ya kupanda. Akapanda pamoja na mwenzake na daktari wa kambi. Mapanga ya helikopta yakaanza kuzunguka, vumbi likanyanyuka, nami nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kuziba pua. Mfuko ulikuwa mwepesi. Nikatia mkono mfuko wa pili. Nikaangalia miguuni pangu. Kisha nikaelewa ilipo: imeshikamana na chuma chini ya sakafu, kando ya nyayo za rubani, sentimita chache kutoka zile fimbo zinazogeuza mkia, na si mbali na dira. Na vumbi la siku ile lilikuwa limelifunika anga hadi huwezi kujua ardhi inaishia wapi. Ikibanduka na kukwama kwenye fimbo, ndege haigeuki. Isipobanduka, dira inadanganya.

Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi mara tatu, labda nne. Nitakuwa mkweli juu ya pumzi hizo. Ya kwanza niliwaza kwamba ubao umejaa na hakuna atakayejua kamwe. Ya pili niliwaza majeruhi wanne walio mchangani, na kila dakika nitakayowanyima. Huenda sumaku ikatulia tu pale ilipo, wakaenda na kurudi salama, na mimi nikaitoa jioni. Ya tatu nilimwona mwanamke nisiyewahi kumwona, akiiweka sindano juu ya cherehani na kuondoka bila kusema neno.

Nikakimbia mbele ya pua ya ndege, mikono imepishana juu ya kichwa. Hiyo kwetu ni ishara ya kusimamisha, na hakuna anayeitoa kwa mchezo. Rubani alinitazama kupitia kioo, akazima.

Sajini alifika kabla mapanga hayajatulia. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza nini.

"Sumaku, afande. Ni yangu, ya mama. Iko chini ya sakafu, kwa miguu ya rubani. Haiko kwa ubao."

"Leta bisibisi," alisema, na akapiga magoti pamoja nami.

Bisibisi iliniteleza mara mbili kwenye skrubu ya kwanza. Alinipokea bisibisi, akafungua zile za upande wake, akanirudishia nifungue za kwangu. Kazi ilichukua dakika kumi na saba, najua kwa sababu daktari alikuwa akizitaja kwa sauti juu ya vichwa vyetu, na sikumlaumu. Sumaku ilikuwa pale pale nilipodhani, lakini tayari imeteleza upana wa vidole viwili kuelekea kwenye fimbo. Rubani aliinama akaiona. Tukafunga, sajini akakagua kila skrubu kwa kidole chake, ndege ikaondoka.

Hatukula mchana huo. Nilikaa kivulini na wenzangu, na hakuna aliyeninyanyasa wala aliyenisogelea. Nilisali, mimi ambaye kanisani hupenda zaidi nyimbo kuliko sala. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka sajini aliposimama, kabla yetu sote, na kuchukua sahani yake.

Walishushwa wanne, wote hai. Nililia, na sikujificha nyuma ya tangi wala popote. Baadaye nilimfuata daktari nikamuuliza kama dakika zangu kumi na saba zimemgharimu mtu. Aliniambia mmoja atapoteza mguu, ila mguu ule ulikuwa umekwisha tangu bomu lilipolipuka. Sijui kama ilikuwa kweli au huruma. Nimeamua kuipokea, na namshukuru kwa vyovyote vile. Rubani alipita karibu nami akiwa na kofia yake mkononi, akasimama.

"Dira ilikuwa sawa," alisema, akaenda zake kula.

Niliadhibiwa, na nilistahili. Likizo yangu ilifutwa, na kwa majuma mawili nilifagia uwanja wa ndege peke yangu, nikiokota kokoto moja moja. Miaka mingi baadaye ndipo niliposikia kwamba sajini alikuwa ameandika katika ripoti yake kwamba kosa ni lake, kwa kutokagua mifuko yetu, na kwamba cheo chake kilichelewa kwa ajili hiyo. Yeye mwenyewe hakunigusia hata siku moja.

Alichofanya ni hiki. Asubuhi iliyofuata nilikuta sumaku ya mama imeninginia ubaoni, pembeni, chini kabisa, na nyuma yake kivuli cheusi chenye umbo la kwato, rangi bado mbichi. Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi, nisijue nicheke au nilie.

"Sasa iko na lango," alisema nyuma yangu. "Ikikosa tutajua."

Kuanzia siku hiyo kila fundi aliitumia. Ikawa chombo cha jeshi, ikaulizwa pamoja na vingine kila jioni.

Muda wangu wa utumishi ulipokwisha, sajini aliifungua ubaoni, akanikabidhi mbele ya kikosi, na kuagiza kivuli chake kifutwe. Niliipeleka Bondeni ikiwa katika kitenge kilekile. Mama alikuwa verandani kwenye cherehani, miwani minene puani. Nilimsimulia yote, kwa mara ya kwanza, sumaku, dira, majeruhi, na alisikiliza bila kusimamisha mguu wake kwenye kanyagio. Nilipomaliza nikamwekea sumaku kwenye paja. Aliigeuza upande huu na ule. Kisha akainama, akaiburuta chini ya cherehani, na pini zikajishika, nyingi, kama zilikuwa zikiisubiri.

Nikacheka, nikamwambia kwamba ile ingine naona imechoka kazi.

"Ingine gani?" akasema, kisha akakumbuka, akageuza uso.

Nilimshika mikono. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu, zimejaa vitobo vidogo vyeusi. Miaka yote ile, kila jioni kabla ya kula, na macho yale, mama yangu alikuwa akipapasa sakafu kwa vidole mpaka pini ya mwisho impate. Nilitaka kumgombeza. Nilichoweza kusema ni asante, mama, na yeye akaniambia nilete viazi nimenye, jua limekwisha.

Sumaku sasa iko kwake. Ndiyo sababu, nilipofungua karakana hii, nilichora kivuli chake ubaoni nikakiacha wazi. Jioni nikimaliza kazi nasimama mbele ya ubao nilivyofundishwa. Sihesabu. Naangalia. Naliona pengo lile moja, naenda kunawa mikono, na nakula kwa amani, kwa sababu chombo hicho najua kiko wapi.